Niliombwa orodha ya 'waliorudi', nikaenda kutafuta hesabu ya wezi

ILIKUWA Jumapili jioni, chini ya mwembe ambapo kijiji chetu hapa Buhehe hufanyia mikutano. Maksai wa mzee mmoja alikuwa ameibwa usiku wa Ijumaa, na kabla ya hapo zilikuwa zimetoweka mbuzi, baiskeli na sufuria za mama mmoja anayepika chai barabarani. Watu walikuwa na hasira, na hasira ikitafuta pa kutua hutua kwa mgeni.

“Kabla hawa waliorudi kutoka Kenya hawajaanza kujenga hapa, tulikuwa tunalala milango wazi,” akasema mzee mmoja ninayemheshimu sana. Wengi waliitikia. Ikapendekezwa iandikwe orodha ya familia zote zilizorudi, ili wizi ukitokea ijulikane pa kuanzia.

Mwenyekiti wa LC1 akatazama huku na huku, kisha akanigeukia. “Mwalimu, wewe una mwandiko mzuri. Andika.”

Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Alisahau tu kwamba jina la kwanza kwenye orodha hiyo lingekuwa langu.

Nilivuka mpaka mwaka wa 1987 nikiwa na umri wa miaka sita, nimeshika sketi ya shangazi yangu, wakati vita vilipokuwa vimechafua mashariki mwa Uganda. Nilisoma upande wa Funyula, nikafanya mtihani wa darasa la nane huko, wa sekondari huko, na chuo cha ualimu huko huko. Shuleni kalamu ikipotea, wenzangu walisema, “Muulizeni yule Mganda.” Nilirudi kwa baba zangu mwaka wa 2009, na sasa maksai akipotea nasikia, “Muulizeni yule Mkenya.”

Nilisimama nikamwomba mwenyekiti majuma mawili. Nilisema kama tunataka kuandika majina ya watu kwa sababu ya wizi, basi kwanza tuone hesabu ya wizi: umeongezeka au la, wapi, na tangu lini. Baadhi walicheka. Hata hivyo, nilipewa majuma hayo mawili, na makala haya ni ya yale niliyoyapata.

Ripoti ya Naguru

Nilianzia mjini Busia, katika saibakafe iliyo upande wa Sofia. Wengi hawajui kwamba Polisi wa Uganda hutoa ripoti ya uhalifu kila mwaka kutoka makao yao makuu ya Naguru, Kampala, na kwamba mtu yeyote anaweza kuisoma bila kulipa chochote ila ada ya kompyuta. Mbele kuna jumla ya nchi nzima, kisha aina za makosa, na ndani yake majedwali yanayogawa nchi kwa mikoa ya polisi. Sisi wa Busia tumo katika mkoa wa Bukedi Kusini, ambao makao yake yako Tororo.

Niliandika jumla za kesi zilizoripotiwa katika daftari langu la shule: mwaka 2017, kesi 252,065. Mwaka 2018, 238,746. Mwaka 2019, 215,224. Mwaka 2020, 195,931. Mwaka 2021, 196,081. Mwaka 2022, 231,653. Mwaka 2023, 228,074. Mwaka 2024, 218,715.

Sasa msomaji atazame nambari hizo polepole. Mtu akitaka kututisha, atachukua 2021 na 2022 peke yake na kusema uhalifu ulipanda kwa asilimia 18 kwa mwaka mmoja, na hatakuwa amedanganya. Lakini mwaka 2021 nchi ilikuwa bado na kafyu na vikwazo vya Covid. Ukilinganisha 2022 na 2018, kabla ya ugonjwa huo, utaona kesi zilikuwa chache kuliko zamani.

Hilo ndilo somo la kwanza nililojifunza. Ukisikia “uhalifu umepanda” au “umeshuka”, uliza: kutoka mwaka gani? Anayechagua mwaka wa kuanzia ndiye anayechagua jibu.

Somo la pili limo ndani ya mwaka 2020. Sisi wa mpakani hatutausahau. Mwezi wa Machi mpaka ulifungwa kwa watu, malori tu ndiyo yakapita, na biashara ndogo ikafa. Mwaka huo kesi zote za Uganda zilishuka kwa karibu asilimia 9. Nchini Kenya zilishuka zaidi, kutoka 93,411 mwaka 2019 hadi 69,645, yaani robo nzima.

Lakini katika ripoti hiyo hiyo ya Uganda, kesi za dhuluma za nyumbani zilipanda kutoka 13,693 hadi 17,664, ongezeko la asilimia 29. Mwizi wa mfukoni alikosa soko la kuibia, naye mume mwenye ngumi alishinda nyumbani na mkewe siku nzima. Jumla ikashuka, na kilio nyuma ya mlango kikazidi. Kwa hivyo usiishie kwenye jumla. Fungua kurasa za ndani uone ni kosa gani lililoshuka na ni lipi lililopanda.

Kenya na Uganda: nani ana wezi wengi?

Nikiwa hapo saibakafe, mfanyabiashara mmoja wa mahindi anayevuka kila siku alichungulia daftari langu. Nilikuwa nimeandika pia hesabu za Kenya, ambazo hutolewa na Polisi na kuchapishwa tena na shirika la takwimu la KNBS katika taarifa yake ya uchumi ya kila mwaka. Mwaka 2023 Kenya iliandikisha kesi 104,842.

“Ala! Kumbe Uganda ina wezi mara mbili ya Kenya,” akasema. “Nitahamishia ghala langu upande wa pili.”

Nilimwomba asubiri kidogo. Kwanza, huwezi kulinganisha mahali pawili bila kugawanya kwa idadi ya watu. Wilaya ya Busia ya Uganda ilikuwa na watu 323,662 katika sensa ya 2014. Kaunti ya Busia ya Kenya ilikuwa na watu 893,681 katika sensa ya 2019. Zote ni Busia, zote zinashiriki mji mmoja uliokatwa na geti, lakini moja ni karibu mara tatu ya nyingine. Kesi 1,000 upande huu na kesi 1,000 upande ule si kitu kimoja.

Ndiyo maana wataalamu huhesabu kwa kila watu 100,000. Chukua kesi, gawanya kwa idadi ya watu, zidisha kwa 100,000. Mwanafunzi wangu wa darasa la saba anaiweza. Kwa Uganda nilitumia kesi za 2024 na sensa ya mwaka huo huo iliyopata watu milioni 45.9, nikapata karibu kesi 477 kwa kila watu 100,000. Kwa Kenya nilitumia 2019, mwaka wa sensa yao ya watu milioni 47.6, nikapata karibu 196.

“Si nilikwambia?” mfanyabiashara akasema.

La, bado. Polisi wa nchi mbili hawahesabu kwa kipimo kimoja. Ripoti ya Uganda ina safu yake ya dhuluma za nyumbani. Jedwali la Kenya lina makundi yake, kwa mfano wizi wa mifugo na makosa yanayohusu watalii. Sheria ni mbili, fomu ni mbili, na hata uamuzi wa askari wa zamu kwamba jambo hili liandikwe au wahusika waambiwe wapatane hautoki katika kitabu kimoja. Kulinganisha jumla hizo ni kama kulinganisha debe la hapa na gorogoro la kule kabla ya kujua kila moja linachukua kilo ngapi.

Tena sisi wa mpakani tuna matatizo yetu. Pikipiki ikiibwa Busia ya Kenya na kukamatwa Busia ya Uganda, inaweza kuingia vitabuni mara mbili: wizi kule, na kupatikana na mali ya wizi huku. Na mji kama huu hupitiwa na madereva wa malori, wachuuzi na abiria kutwa kucha. Mmoja wao akiibiwa hapa, kesi yake ni ya Busia, lakini yeye mwenyewe hayumo katika sensa ya Busia. Mji wa mpakani huonekana mbaya kwenye karatasi kuliko ulivyo, kwa sababu wanaoibiwa ni wengi kuliko wanaolala.

Kwa hivyo nilimwambia mfanyabiashara asihamishe ghala kwa sababu ya nambari hizo. Alinunua soda mbili, moja yake na moja yangu, akaenda zake akiwa bado na mashaka. Mashaka hayo nadhani ni mazuri kuliko hakika aliyokuwa nayo mwanzo.

Askari aliyeniuliza swali

Siku ya pili nilikwenda kituo cha polisi kuuliza hesabu za Buhehe yenyewe. Askari niliyemkuta alinipokea vizuri. “Mwalimu, kitabu hiki kina siri za walalamishi, siwezi kukufungulia,” akasema. “Lakini naweza kukueleza kinavyofanya kazi.”

Alinieleza kwamba upande wa Uganda kila tukio linaloletwa huandikwa kwanza katika kitabu cha kila siku cha kituo, na mlalamishi hupewa nambari ya SD. Faili ya uchunguzi ikifunguliwa, kesi hupata nambari ya CRB. Hesabu za vituo hupanda wilayani, kisha mkoani, kisha Naguru. Kenya mambo yanafanana, isipokuwa kule kitabu ni OB na nambari ni ya OB. Jambo lililoishia mdomoni bila kuandikwa haliwezi kufika Kampala wala Nairobi.

Alinikumbusha pia kwamba hesabu za eneo si siri. Uganda ina sheria ya haki ya kupata habari tangu 2005, na Kenya ina yake tangu 2016. Zote mbili humruhusu raia kuandika barua kuomba takwimu zilizo mikononi mwa serikali, na zote mbili huipa ofisi siku 21 za kujibu. Niliandika barua yangu siku hiyo hiyo.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. “Huyo maksai mnayemzungumzia, mwenyewe amekuja hapa kuripoti?”

Nilifikiri. Mzee alikuwa ameita mkutano. Alikuwa amemwita mwenyekiti. Alikuwa amewatuma vijana watafute kwato hadi mtoni. Kituoni hakuwa amekanyaga.

“Na wewe mwenyewe, Mwalimu, umewahi kuibiwa?”

Mwaka mmoja kabla yake, baiskeli yangu ilikuwa imechukuliwa nje ya darasa. Sikuripoti. Nilijiambia kituo ni mbali, baiskeli yenyewe ni kuukuu, na nikienda nitaulizwa risiti na kitambulisho na maswali ya kwetu ni wapi. Nilikuwa natafuta hesabu za wezi, na kumbe mimi mwenyewe ni mmoja wa wale wanaozifanya kuwa pungufu.

Wizi usioandikwa

Hili ndilo somo zito kuliko yote. Ripoti ya polisi haihesabu uhalifu. Inahesabu uhalifu ulioripotiwa na kuandikwa. Kati ya viwili hivyo kuna shimo, na kina chake hutofautiana kwa kila kosa.

Mauaji ni rahisi kuhesabu, kwa sababu maiti haifichiki kirahisi na ukoo haunyamazi. Ndiyo maana anayetaka kujua hali ya usalama wa nchi kwa miaka mingi hutazama mauaji kwanza. Uganda iliandikisha kesi 4,718 za mauaji mwaka 2019 na 4,248 mwaka 2023. Wizi wa kuku uko upande wa pili kabisa: nani atatembea kilomita nane kwa ajili ya kuku?

Na kuna yale ya nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa Uganda wa mwaka 2016 uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 nyumbani kwao, kwa faragha. Asilimia 51 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Hao ni mamilioni ya wanawake. Weka hilo kando ya zile kesi 13,693 za dhuluma za nyumbani zilizofika polisi nchi nzima mwaka 2019. Hazipimi kitu kimoja, kwa kuwa moja ni ya maisha yote na nyingine ni ya mwaka mmoja, lakini hata mtoto ataona shimo lilivyo kubwa.

Huku kwetu shimo lina sababu zake. Mambo mengi humalizwa kwa mwenyekiti wa kijiji, na sheria ya mahakama za LC ya 2006 inaruhusu mashauri madogo yasikilizwe huko. Upande wa Kenya kuna chifu na wazee wa mtaa. Si vibaya, lakini kesi iliyokwisha kwa kulipa mbuzi haimo katika ripoti ya mtu yeyote.

Kisha kuna njia za panya. Mama mmoja anayenunua mukene Majanji na kuuza upande wa pili aliniambia alivyonyang'anywa mtaji wake wote alfajiri, katikati ya njia isiyopita kwenye geti. Alikwenda kituo kimoja akaambiwa tukio lilikuwa upande wa pili. Alikwenda cha pili akaulizwa alipitia wapi. “Nikaona nikisema ukweli nitakuwa mshtakiwa badala ya mlalamishi,” akasema. “Nikarudi nyumbani nikalia.” Wizi wake haumo Uganda na haumo Kenya. Lakini mtaji ulikwenda, na watoto wake wawili walikosa karo muhula ule.

Tangu Februari 2018, kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa rasmi hapa Busia, msafiri hushughulikiwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Vitabu vya uhalifu, hata hivyo, bado ni viwili.

Kopo mbili chini ya mwembe

Jumapili ya ahadi ilipofika, majibu ya barua yangu hayakuwa yamekuja, kwa maana siku 21 zilikuwa hazijaisha. Nilikwenda mkutanoni na daftari, kopo mbili za maziwa ya unga zilizotobolewa juu, na mfuko wa maharage na mahindi.

Niliwaeleza kwa ufupi yaliyoandikwa hapa. Nilieleza pia kwamba katika majedwali niliyosoma hakuna safu ya “aliyerudi” na “aliyebaki”. Washukiwa hugawanywa kwa jinsia na kwa umri, lakini hakuna anayeulizwa baba yake alikimbia mwaka gani. Sikusema hesabu zimetutetea sisi tuliorudi. Zisingeweza, kama vile zisivyoweza kutuhukumu. Zilionyesha tu kwamba mimi sijui, na mwenzangu anayetunyoshea kidole hajui pia.

Kisha nikaomba kila mwenye nyumba aende nyuma ya ukuta wa kanisa, mmoja mmoja. Kama nyumba yake imeibiwa kitu chochote mwaka huo, atie punje ya haragwe katika kopo la kwanza. Kama aliripoti polisi, atie punje ya hindi katika kopo la pili. Hakuna jina wala swali.

Tulipomwaga kopo juu ya mkeka, maharage yalikuwa rundo. Mahindi hayakujaza kiganja cha mtoto.

Watu walinyamaza. Mzee yule aliyesema tulikuwa tunalala milango wazi aliinama akazitazama punje muda mrefu. “Kumbe hata wewe jirani uliibiwa,” akamwambia aliyeketi kando yake. “Mbona hukusema?” Jirani akajibu, “Na wewe mbuzi wako wa mwaka juzi ulimwambia nani?”

Mwenye maksai alikuwa wa kwanza kuuliza inavyofanyika. Nilimweleza, na nawaeleza wasomaji pia. Kuripoti ni bure pande zote mbili. Nenda upande kosa lilipotokea, hata kama wewe ni raia wa upande mwingine. Taja siku, saa, mahali na alama ya mali: rangi, pembe, nambari ya fremu. Usiondoke bila nambari, SD huku au OB kule, iliyoandikwa kwenye karatasi yako. Ukiumizwa, omba fomu ya daktari, PF3 Uganda au P3 Kenya. Rudi baada ya juma moja uulize kama faili imefunguliwa.

Na ukisikia redioni uhalifu umepanda au kushuka, uliza maswali manne: kutoka mwaka gani, kosa gani, kwa watu wangapi, na kwa kijiji kidogo uliza kesi ni ngapi hasa. Kijiji kilichokuwa na kesi 1 mwaka jana na 2 mwaka huu kina “ongezeko la asilimia 100”, na huenda mwizi ni yule yule mmoja.

Orodha haikuandikwa. Sitasema kila mtu alirudi nyumbani ameridhika. Nilimsikia mmoja akinong'ona kwamba mwalimu amewatetea wenzake kwa maharage. Maksai naye hajapatikana hadi leo.

Lakini Jumatatu asubuhi nilimpakia mzee mwenye maksai nyuma ya boda boda tukaenda kituoni pamoja. Askari alimwandikia maelezo, akampa kipande cha karatasi chenye nambari. Mzee hajui kusoma. Aliikunja mara mbili, akaitia ndani ya kofia yake, akaniuliza, “Mwalimu, sasa nimehesabiwa?”

Nikamwambia, “Ndiyo, mzee wangu. Umehesabiwa.” Kisha nikamwomba askari ukurasa mwingine, nikaanza kueleza habari za baiskeli yangu.